Nimehesabu Vidole vya Walimu

Fomu ina visanduku vitatu, kalamu moja,
na mama amewasha kiyoyozi cha sebuleni
kana kwamba uamuzi ukikaa nje utachacha.
"Andika mafuta na gesi," asema kaka Mundhir kutoka kochini.
"Useremala! Nani Oman hii anapiga randa?
Mbao zinatoka nje, na mafundi vilevile."
Simjibu. Mlango wa jikoni unamjibu:
kila ukifunguliwa unakwaruza marumaru,
krrr,
mwaka wa sita huu, tangu tuhamie Mabela.

Vyuo vyote vitatu nimevitembelea.
Cha Ruwi kiko ghorofa ya nne.
Karakana, ghorofa ya nne!
Vipeperushi vinang'aa: kijana wa kofia ya njano
anauchekea msumeno usiochomekwa umeme.
Nikauliza, mbao ziko wapi? Wakaniwashia kompyuta.
Nikaangalia sakafu. Hapakuwa na randa wala maranda.
Walimu wawili, vidole ishirini,
laini kama vya karani wa benki.
Riali mia tisa kwa mwaka.

Cha Nizwa kina mashine za Kijerumani,
harufu ya gundi, kelele za kweli.
Nikaanza kupenda. Kisha nikahesabu:
walimu watatu, vidole ishirini na saba.
Nikasema pole. Mmoja akacheka, "Ndiyo kazi, binti."
Njia nzima ya kurudi, milima ikipita dirishani,
ile "ndiyo kazi" ilinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Cha Barka ni banda la bati na feni mbili,
moja imekufa.
Mwalimu Kuttan, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake kina bawaba zilizolegea lakini kinafunga.
Vidole kumi. Kimoja kina kovu.
"Hili? Siku yangu ya pili kazini.
Tangu hapo, miaka thelathini na moja,
sijashindana mbio na msumeno."
Akanipa vipande viwili vya mti mmoja,
kimoja kililala ofisini penye baridi,
kimoja kililala nje na umande wa chumvi.
"Vipangie." Havikupangika.
"Mbao hunywa," akasema.
"Mlango ukigoma usiupige teke.
Uulize umekunywa nini."

"Wasichana mko nao wangapi?"
Akafungua daftari, akahesabu kwa kalamu, taratibu,
kama mtu anayeogopa kukosea.
"Ukija wewe, mmoja."
Riali mia tatu na arobaini, koti la kazi ujinunulie.

Jana, mama alipokwenda arusini Sib,
nikaazima randa kwa fundi Wabengali wa nyuma ya pampu,
nikaung'oa mlango wa jikoni,
nikaulaza juu ya mito miwili ya kochi.
Sikuuliza umekunywa nini.
Nilisukuma tu, na maranda yakatoka
marefu, yamejiviringa, membamba hata taa ikapenya,
na mimi, kwa utamu, nikasahau kusimama.

Umerudi mahali pake. Haukwaruzi.
Chini yake umebaki mwanya wa vidole viwili.
Mundhir amelala chali kwa kicheko:
"Hata paka atapita amevaa kilemba!"

Mama amesimama na viatu vya arusi mkononi.
Ameutazama mlango, akautazama mwanya,
akanitazama mimi na abaya niliyoikunja mpaka viwikoni.
Nikangoja. Ile methali yake ya kila siku,
kazi mbi si mchezo mwema,
sikujua leo ataielekeza kwa nani.
Akainama, akaokota randa moja lililojificha chini ya friji,
akalinyoosha, likajikunja tena.
Akalinusa.

"Basi la Barka," akasema,
"linapita saa ngapi?"